Nilikaribishwa Vizuri

“Mama Maxine, siku ulipoenda kwa hiyo shule, kuna mtu alikufukuza?”

Gichuru, wakili wa shule ya ng'ambo ya mpaka, aliniuliza kwa upole mbele ya jaji. Nami, mjinga wa watu, nikamjibu kwa moyo mweupe: “Hapana. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri. Hata chai nilikunywa, na mandazi.”

Kwetu Bungoma, ukishakunywa chai ya mtu humsemi vibaya. Na kweli mama yule alinipokea kwa heshima nilipokwenda kumwombea Maxine nafasi. Alipoisoma barua ya chifu ya kuonyesha ninakoishi ndipo aliposema, “Woiye, pole mum. Wewe uko Gatongora, hiyo ni Ruiru. Sisi huku Kalimoni ni Juja. Mtoto hawezi vuka.” Hayo wakili hakuniuliza, nami nikadhani jaji anayajua.

Sisi tuliotoka magharibi kuja kuchuma kahawa, watoto wetu wote walisongamana katika shule moja, mia na kumi darasani. Ng'ambo ya mpaka, kwa watoto wa wenye mashamba, madawati yalikaa bure. Tukaenda mahakamani, na jaji akaamuru watoto wa pande zote mbili wachanganywe. Tulipiga vigelegele mpaka askari akatutoa nje.

Ng'ambo wakakata rufaa. Baada ya mwaka mmoja na ushee, Wanja, wakili wetu, alitukusanya kanisani kutusomea hukumu. Ni kweli watoto wa Gatongora wanateseka, majaji walisema, lakini aliyewatesa si jirani, na asiyekosa hawezi kuamriwa kulipia kosa. Amri isivuke mpaka. Hapo Wanja akainua macho kunitazama.

“Soma tu,” nikamwambia.

“Shahidi wa walalamikaji mwenyewe alikiri kwamba alikaribishwa vizuri.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Absalom, ambaye watoto wake wanne walikuwa kwenye kesi ile, alinishika bega. “Si makosa yako, dada,” akasema, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Ni miaka mitatu sasa, na darasa la Maxine limefika watoto mia na thelathini. Jioni ile ya hukumu, yeye alikuwa akichambua sukuma wiki. Aliniuliza bila kuinua kichwa, “Mum, si ungesema tu walikufukuza?”

Mtoto huyo nilikuwa nimemchapa mara nyingi kwa sababu ya uongo. Siku hiyo hata kumkemea nilishindwa.