Bafu Lililovaa Pete

Katika makazi yote ya wakulima wa miwa, kuanzia mtoni mpaka kiwandani, hapakuwa na bafu lenye sifa kama bafu la mzee Shiu Charan. Kwa kulitazama lilikuwa bafu la kawaida: sakafu ya saruji, bomba moja, ndoo ya bluu na mlango wa bati usiofunga sawasawa. Lakini lilikuwa na utelezi wa ajabu, utelezi wenye kuchagua. Shiu Charan mwenyewe, akitoka kwenye bakuli la yangona, kinywaji cha mizizi kinacholegeza viungo, huku miguu yake haisikilizani, aliingia na kutoka salama. Mwanawe mkubwa Ravikant, dereva wa lori la miwa, aliingia na mabuti yenye matope na hakuwahi hata kuyumba. Ni Sunila tu, mke wa Ravikant, mwanamke mwembamba anayetembea kama anaogopa kuiumiza ardhi, ndiye aliyeanguka humo mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza aliangukia jicho. Mara ya pili aliangukia mbavu. Mara ya tatu, mwezi mmoja kabla ya harusi ya shemeji yake, bafu lilimvunja mkono juu ya kiwiko, na likamwachia shavuni alama ndogo ya mraba, sawa kabisa na kito cha pete.

Watu waliiona ile alama, wakatikisa vichwa, wakasema utelezi ni kitu kibaya. Wazee wa kamati ya hekalu walikutana rasmi juu ya jambo hilo, wakanywa chai vikombe viwili viwili, wakatoa ushauri: Sunila avae kandambili.

Aliyelipa bafu sifa hiyo ni Dharmwati, mama yake Ravikant. Yeye ndiye aliyemwambia daktari kwamba ni bafu. Yeye ndiye aliyemwambia askari wa kituoni, kijana mpole aliyefurahi mno kupata jibu fupi. Kijana aliandika "bafu" kwenye daftari, akalifunga, akaenda zake kunywa chai. Sunila alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi na hakuulizwa kitu. Mtu ana mama mkwe anayejua kusema, ya nini kumsumbua mgonjwa?

Na kusema Dharmwati alijua. Kwenye harusi za watu wale, upande wa bwana harusi wanapoketi kula, wanawake wa upande wa bibi harusi huwaimbia matusi, mmoja mmoja, kwa ngoma na vicheko. Unatukanwa tumbo lako, pua yako, shangazi yako, na unatakiwa utafune huku unatabasamu. Ukikasirika, umekubali. Usipoimbiwa ndiyo aibu zaidi, maana yake hakuna aliyeona kama umekuja. Dharmwati alikuwa mwimbaji wao kwa miaka thelathini, akikodiwa kwa heshima kama wapishi wanavyokodiwa. Aliwahi kumwimbia mjomba mmoja juu ya meno yake ya bandia mpaka mzee akayavua, akayaweka pembeni ya jani lake la mgomba, akala dengu kwa fizi. Lakini akirudi kwake, ulimi ule aliuweka kabatini pamoja na sahani za wageni.

Jumanne kabla ya harusi ya mwanawe mdogo, Nilesh, walimjia barazani wanawake kumi na mmoja wa kundi la kusoma Ramayana, kitabu chao kitakatifu. Mbele alikuwa Phulkumari, rafiki yake tangu usichana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kila mmoja alibeba kitu kimekunjwa kwapani.

"Karibuni," alisema Dharmwati. "Ila zamu ya kusoma si kwangu leo."

"Hatujaja kusoma, dada. Tumeleta zawadi ya harusi," alijibu Phulkumari. "Tumesikia bafu lenu linaua."

Wakakunjua. Ilikuwa mikeka ya mpira ya bafuni, ya kuzuia kuteleza. Ya kijani, ya bluu, na mmoja wa rangi ya waridi wenye picha ya bata.

Dharmwati aliitazama. "Yote kumi na mmoja? Bafu lenyewe lina hatua mbili."

"Tandika mmoja juu ya mwingine," alisema Hirmati, mdogo kuliko wote, akificha kicheko kwenye pindo la sari. "Akianguka tena, aangukie godoro."

"Mmekuja kunicheka kwenye nyumba yangu."

"Tungetaka kukucheka tungeimba," alisema Phulkumari, akajikalisha bila kuambiwa. "Nisikilize. Chumba changu cha nyuma kipo wazi. Hirmati atampikia Sunila siku tatu, wengine tumeshagawana zilizobaki. Wa kumsuka nywele yupo, mkono mmoja hausuki. Wa kulala naye yupo, wa kumpeleka hospitali yupo. Kila kitu tumepanga. Kilichobaki ni neno lako."

"Neno gani?"

"Bafu. Sunila alirudi kituoni wiki iliyopita, peke yake, kwa basi. Yule kijana akamfungulia daftari, akamwonyesha. 'Mama mkwe wako alishasema bafu,' anasema, 'mlete yeye mwenyewe aseme vingine.'"

"Aliniambia anakwenda sokoni kununua bilinganyi."

"Bilinganyi nilinunua mimi, nikampa njiani."

Ndani, Sunila alikuwa akipepeta mchele kwa mkono mmoja. Sauti ya ungo ilisimama, kisha ikaendelea.

"Ni mwanangu yule, Phulkumari."

"Najua ni mwanao. Nilikuwepo akizaliwa. Na hata hajatimiza siku arobaini nilikuwepo, siku ulipoteleza pale kwenye pampu."

Ulimi wa Dharmwati ulikwenda wenyewe kwenye pengo la meno mawili, upande wa kushoto. Siku zile kina Shiu Charan walikuwa bado hawajajenga bafu. Watu waliteleza kwenye pampu.

"Na Jumapili," alisema Phulkumari akiinuka, "mdogo wangu anawaletea binti yake Anjini awe mke wa Nilesh. Nakuarifu tu mapema, dada, yule mtoto anaoga kila siku."

Waliondoka. Mikeka ikabaki barazani. Dharmwati aliipanga vizuri, akaifunika na gunia, kama mtu anayefunika maiti ambayo hajaamua aizike wapi.

Jumapili, jua la mchana likiwa juu ya paa la bati na makuti lililojengwa uani kwa kina Anjini, upande wa bwana harusi uliketi kula. Ravikant alikaa mbele na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Lilinyooshwa na mkono mmoja, lakini hakuna aliyesifu hilo. Wanawake wa upande wao walikaa nyuma, Dharmwati katikati, Sunila pembeni yake na plasta ngumu ya mkono imefichwa ndani ya sari. Ng'ambo ya mkeka mrefu wa sherehe walikaa wanawake wa bibi harusi. Kwa kuwa Phulkumari alikuwa mama mkubwa wa Anjini, kundi lote la Jumanne lilikuwa limehamia upande ule na ngoma yake.

Wakaanza. Bwana harusi aliambiwa ana masikio ya kukamatia redio za nchi jirani. Shiu Charan aliambiwa tumbo lake lilifika harusini jana ili kumwekea nafasi. Shangazi, mjomba, binamu, hata dereva wa basi la kukodi alipata wake. Watu walicheka mpaka kari ikawatoka puani. Kisha Phulkumari akaweka ngoma chini na kujipepea.

Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu, akaomba aongezewe mikate ya puri. Lakini Ravikant alizaliwa na kulelewa pale, na kukaa wewe kaka mkubwa wa bwana harusi usiimbiwe, huku dereva wa basi ameimbiwa, ni jambo la kukosesha mtu usingizi. Akafuta mdomo.

"Shangazi," aliita kwa sauti ya wote kusikia, "mimi je? Mmenisahau?"

"Hatujakusahau, baba," alisema Phulkumari kwa upole ambao majirani zake hawakuwahi kuusikia. "Hatuna la kusema juu yako. Sisi tunakuona barabarani tu, umekaa kwenye lori."

"Hapana bwana. Lazima niimbiwe. Au mnaniogopa?"

Wanaume wakacheka. Wakampigia makofi.

"Basi tumwombe anayekujua," alisema Phulkumari. Akaisukuma ngoma katikati ya mkeka, ikaja ikitambaa mpaka mbele ya Dharmwati.

Haikuwa kawaida hata kidogo. Mama wa bwana harusi hukaa, hutabasamu, hutafuna. Dharmwati aliitazama ngoma. Akamtazama Ravikant, aliyekuwa akimchekea kama alivyokuwa akimchekea utotoni akitaka sukari guru. Akatazama mlango wa nyumba, ambako Anjini alikuwa ndani na manjano mikononi, akisubiri kuletwa kwenye nyumba yenye bafu. Pembeni yake Sunila alikuwa anahesabu shanga za bangili zake. Hakumwangalia mama mkwe wake. Alikuwa ameshazoea kutotegemea kitu upande ule.

Dharmwati akainuka. Magoti yakalia. Akavuka mkeka, akaketi upande wa bibi harusi, ngoma mapajani.

"Uliomba mwenyewe, mwanangu," alisema. Akapiga.

*Kwetu kuna bafu moja, bafu hilo lina ndevu,*
*mke akiingia kuoga, linamhesabu mbavu.*

Watu walicheka kwanza, kwa mazoea. Kundi la Jumanne likaitikia, "Teleza, bibie, teleza."

*Lina pete kidoleni, linaendesha na gari,*
*mama yake akiulizwa, anasema ni ajali.*

"Teleza, bibie, teleza."

Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Macho yote yalishuka kwenye mkono wa kulia wa Ravikant, ulioshika puri, na pete ya mraba inang'aa kwa mafuta. Ravikant naye akautazama, kana kwamba ameukuta tu pale. Akauweka chini ya goti.

"Mama, unanidhalilisha mbele za watu."

"Nakuimbia. Cheka."

Akikasirika, amekubali. Akicheka, anacheka nini? Wakamsubiri achague, na hakuna aliyemharakisha.

Shiu Charan aliona ni wajibu wake kuongoza. "Dharmwati, inatosha. Rudi ukae."

"Wewe wako unakuja, mume wangu, usiwe na haraka." Na akauimba ubeti wa pampu, wa maji baridi asubuhi, na mtoto mgongoni, na meno mawili yaliyookotwa kwenye matope na kutupwa juu ya paa kama ya mtoto. Aliuimba akiwa amefungua mdomo wazi, pengo linaonekana mpaka kwa wapishi.

Hapo ndipo mambo yalipotoka mikononi mwa kila mtu. Hirmati alidakia ubeti juu ya ngazi za kwao, ngazi tatu tu, lakini mtu huanguka kumi. Mama wa bibi harusi, aliyekuwa amesimama na sinia, akaimba juu ya mlango wa kabati unaojifungua wenyewe kila mwisho wa msimu wa miwa. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, ambaye mumewe amekufa miaka ishirini, akajikokota akavuka mkeka ili aimbe juu ya jiwe la kusagia binzari, lililokuwa na tabia ya kuruka. Mwingine akavuka, na mwingine. Ikaonekana nyumba nyingi sana za wilaya ile zimejengwa vibaya. Wanaume walikaa na chakula chao. Hapakuwa na aliyeomba chumvi.

Kwa wanawake, Sunila alibaki peke yake upande wa bwana harusi. Polepole akaufunua mkono, akauweka mapajani, plasta chafu na kila kitu. Kisha akaitikia na wenzake, "Teleza, bibie, teleza," kwa sauti nyembamba isiyojua inakwenda wapi, nje kabisa ya wimbo. Phulkumari, ambaye huwafukuza watu kwenye kundi kwa kosa dogo kuliko hilo, alifumba macho kama anasikia malaika.

Ndoa ilifungwa. Pandit, kuhani aliyewafungisha, hakuwa na maoni. Kabla ya kuondoka, Anjini alimwita Nilesh pembeni, wakaongea muda mrefu, na Nilesh alionekana akitingisha kichwa kukubali, mara nyingi. Usiku ule Sunila alilala chumba cha nyuma cha Phulkumari, Hirmati mlangoni. Ravikant alilala nyumbani. Inasemekana hakuoga.

Jumatatu asubuhi kijana wa kituoni alifika kazini akakuta baraza imejaa. Benchi lilikuwa moja, la watu watatu, kwa hiyo wanawake walikuwa wametandika mikeka ya mpira sakafuni, wakaketi, na chupa ya chai katikati. Aliyekalia mkeka wa bata alikuwa Dharmwati.

"Mama," alisema kijana, "mmekuja kwa lile jambo la bafu?"

"Ndiyo. Kalifute."

Akaleta daftari. Alipiga mstari katikati ya neno, taratibu, kama linamuuma. "Sasa niandike nani?"

"Ravikant. Mtoto wa Shiu Charan."

"Na wewe ni nani yake?"

Dharmwati alivuta pindo la sari, akaketi wima.

"Andika mama," alisema. "Andika vizuri, usiharakishe."

Akaandika. Kisha akamgeukia Sunila, kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna mwingine chumbani. "Na wewe dada, una la kusema?"

Sunila alitazama ukurasa. Nafasi iliyobaki ilikuwa mistari minne.

"Lete daftari jingine," alisema.