Suruali ya Kijivu

Fundi hakuwa mtu wa kutoka nje hivi hivi. Nusu ya mtaa ilivaa nguo za mkono wake: maharusi, walimu, hata yule mama wa duka la dawa asiyeridhika na chochote. Halafu leo mumewe anataka eti aende uwanjani, mbele za watu wale wale, na suruali ya traksuti ya kijivu iliyopauka magotini, tena ya kiume. Hilo lilimshinda.

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, aliambiwa na daktari afanye mazoezi kwa sababu ya presha. Jumamosi asubuhi alikuwa akienda uwanja wa shule na rafiki yake, mpaka rafiki alipohamia kwa wanawe. Tangu hapo akawa anakwenda kwa kujivuta.

"Peke yangu naona kama natumikia adhabu," alimwambia mkewe. "Twende wote, mama. Ukikataa, basi na mimi naacha."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana fundi aliogopa. Alimjua mtu wake. Akiacha kitu kwa upole, ndiyo kaacha moja kwa moja.

"Nitakwenda," akajibu. "Ngoja kwanza nijishonee nguo."

Ngoja hiyo ikaota mizizi, maana nguo ya fundi mwenyewe inashonwa lini? Kila akikunjua kitambaa chake, anabisha hodi mteja mwenye sherehe ya kesho. Na kila Jumamosi mume aliiweka ile suruali ya kijivu juu ya kiti cha chumbani, na jioni akairudisha kabatini.

"Usithubutu, wifi," alisema dada wa mume, msusi wa chumba cha pili, ambaye hakosi la kusema. "Wewe ndiye bango la duka lako. Ukionekana na gunia lile, nani atakuletea kitambaa?"

Maneno hayo yalimwingia fundi kwa sababu aliyataka. Akajifungia, akakata suti ya mazoezi ya samawati yenye mistari myeupe ubavuni, kiuno kimebana kisawasawa. Akaipiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikiza tu, ili ajaribu kabla ya kuipitisha cherehanini. Akasimama mbele ya kioo, kavuta tumbo ndani. Alipendeza mpaka akajionea haya. Mara mwalimu mmoja akaingia mbio, zipu ya gauni lake imekatika, na fundi akaitundika suti ashughulikie zipu. Asubuhi akaivaa, na bandi zake vile vile. Asiye fundi asingefanya kosa hilo. Angeitoa wapi nguo ya bandi?

Uwanjani alitazamwa, na akafurahi kutazamwa. Ndipo kiongozi wa mazoezi akasema wachuchumae.

Fundi alikuwa ameipima suti akiwa amesimama tu. Nyuzi zikaachia nyuma, taratibu, moja baada ya nyingine, na kila mmoja akasikia. Kabla hajajua ashike wapi, mumewe alikuwa amevua koti lake na kumfunga kiunoni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wifi, aliyekuja kutazama, akiwa wa kwanza, na fundi naye akacheka kidogo, kicheko cha kuvunga.

"Pale sirudi tena," akasema njiani.

"Sawa," akasema mume, kwa upole.

Sawa hiyo ilimkaa kooni wiki nzima.

Jumamosi ikafika, na kitini hapakuwa na kitu. Mume alikuwa amelala, kageukia ukutani. Fundi akafungua kabati, akaitoa suruali ya kijivu, akachukua mkasi apunguze miguu, maana mumewe ni mrefu kama mlingoti. Akaikunjua kwa mara ya kwanza.

Miguu ilikuwa imeshapunguzwa. Pindo lilishonwa kwa mkono, kwa uzi mweusi, mishono imepinda kushoto na kulia, mingine imerudiwa mara mbili. Kiuno nacho kilikuwa kimetiwa mpira mpya.

"Nani kashona hii?"

Mume akageuka. "Mimi. Siku nyingi."

"Ulipima wapi?"

"Kwenye suruali yako, ikiwa kwenye kamba. Wewe ulikuwa na kazi za watu, sikutaka kukuongezea."

Katika maisha yake yote ya kazi, fundi hakuwahi kuuona mshono mbaya akauacha. Aliurudisha mkasi mezani. Akaivaa, akachuchumaa pale pale katikati ya chumba, akainuka, akachuchumaa tena. Ilimkaa.

"Amka, baba," akasema, sauti imemlegea. "Tutachelewa."

Mtaani wifi aliwaona, akatazama lile pindo, akafungua mdomo.

"Nimeshonewa," fundi akamwahi, na akapita kifua mbele.