Jogoo Aliyeng'ang'ania Kitenge

Koti lenyewe lilikuwa la jinzi, lina umri kunishinda, limepauka viwikoni. Nililichambua kwenye rundo la mitumba, nikakaa nalo wiki tatu nikilishonea shanga: maua mabegani, jogoo mwekundu mgongoni.

"Yaya, huyo ni jogoo ama ni kiatu?" mdogo wangu Estelle aliniuliza; kwetu yaya ni dada mkubwa.

Nikaendelea kushona. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwa sindano nilikuwa nimejipa digrii mwenyewe.

Hajati Nusura, mwenye duka la nguo pale Kabalagala, alikuwa ameniahidi jambo moja: akilipenda koti, atanipa ndoano ukutani niwe natundika kazi zangu. Fundi wake wa kwanza, shanga zake zilipukutika hata mteja hajafika nyumbani.

Siku ya kulipeleka nilimkuta Hajati anahudumia mteja. Nikakaa kwenye kigoda mlangoni, koti magotini, nikamalizia mkia wa jogoo. Nilikaza uso kama fundi anayetazamwa. Hakuna aliyenitazama.

"Haya binti, lete nione."

Nikasimama, nikampa. Akalivuta. Nami nikaenda nalo.

"Mbona unakuja?"

"Nakuja... kukueleza, Hajati."

Akavuta tena. Kitenge nilichojifunga kikaanza kuniaga, na chini yake nilikuwa na gaguro lenye matundu. Nikakidaka kwa mikono miwili. Mteja akageuka kuchagua mkanda kwa heshima zote.

"Ee Mola! Binti umejishona!"

Kweli. Mkia wote wa jogoo ulikuwa umepita hadi kwenye kitenge. Hajati alicheka mpaka akashika meza, kisha akavuta kwa nguvu. Nikapepesuka. Shanga haikudondoka hata moja.

Kicheko kikakoma. Akainama, akang'ata shanga moja, akaivuta kwa meno.

"Umezifungaje hizi?"

"Kila shanga na fundo lake, Hajati. Mimi sina haraka."

"Mwenzako wa kwanza alikuwa nayo."

Akachukua mkasi, akakata kitenge kuzunguka mkia, akanitupia shuka nijifunge. Koti akalitundika kwenye ndoano ya karibu na mlango, kipande cha kitenge kikichungulia kwa ndani.

"Wakiuliza hicho kitambaa?" nikasema.

"Ndio mtindo wenyewe. Niletee mengine matatu, hivyo hivyo, na kitenge ndani."

"Sawa, Hajati," nikaitika kwa sauti nzito ya fundi.

Nyumbani nilibakiwa na kitenge kimoja tu. Lakini Estelle anavyo vinne, na alimcheka sana jogoo wangu.