Miti Aliyoipanda Lugembe

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wahamie kijiji cha ujamaa kule Ipole. Tumbaku ya Eustadia ilikuwa imeiva, majani yameanza kugeuka manjano, na bani, banda la kuikaushia, halikuwa na hata ukuni mmoja. Amri ya kijiji ilisema hakuna kukata kuni mpaka mtu awe amepanda miti mia, na Bwana Miti, afisa wa misitu, aje aione kwa macho yake. Wiki moja zaidi, majani yangeozea shambani.

"Usihangaike, Mama Damas," alisema mumewe Lugembe, mrina asali. "Karani wa kijiji aliniuliza nimepanda miti mingapi, nikamwambia mia na arobaini. Kaandika."

Eustadia akamtazama. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajamwona huyu mtu akishika jembe kwa hiari yake.

Bwana Miti, kijana aitwaye Masolwa, alifika asubuhi na baiskeli yake na daftari. Akawaamkia shikamoo, kisha Lugembe akamwingiza porini, Eustadia nyuma yao. Wakasimama karibu na kijito, chini ya myombo mnene, mzinga wa gome ukining'inia juu.

"Huu ndio wa kwanza," alisema Lugembe.

"Mzee, mti huu ni rika la babu yako!"

"Ndiyo. Nimeupanda mara sita mwaka huu, kutundika mzinga na kurina."

Eustadia akaketi chini kwa kicheko. "Nilijua! Huyu jembe analiogopa, atapanda nini zaidi ya kwenda juu?"

Bwana Miti akafunga daftari. "Miti hii ingekuwepo hata usingezaliwa. Mimi nahesabu ile ambayo bila wewe isingekuwepo."

Kicheko kikamkauka Eustadia. Aliyaona majani yake ya tumbaku yakioza shambani. Akainuka. "Basi hesabu vizuri, mwanangu. Ng'ambo ya kijito, ambako hakuna mizinga, unaona nini?"

Visiki vitupu.

"Na huku wenye mashoka walikuja. Hata mimi nilikuja kiangazi kilichopita, nikatimuliwa na nyuki wa mume wangu mwenyewe. Uso ulivimba, watoto wakanikimbia!"

Hapo Bwana Miti akacheka. Akaukagua ukingo wa kijito mti kwa mti, akaandika hamsini iliyookolewa na nyuki. Ile ya ndani porini aliikataa. Huko shoka halijawahi kufika.

"Hamsini iliyobaki, mzee, ni ya jembe. Kesho naleta miche. Ikiingia ardhini, mnapata kibali."

"Jembe?" aliuliza Lugembe, kama aliyetajiwa ugonjwa.

Siku ya nne bani lilitoa moshi. Lugembe alijilaza kivulini, viganja vimechubuka, akauliza mche ukifa lawama ni ya nani. Eustadia akamjibu kwamba hata palizi ni kazi ya aliyepanda.