Na kwa Shida

Kinyozi Nusu hakuwahi kumaliza methali salama tangu azaliwe. Kwake yeye mvumilivu alijaza kibaba, haba na haba ikala mbivu, na mteja aliyekaa kwenye kiti chake alitoka na kichwa safi na akili iliyovurugika. Ndiyo maana wakamwita Nusu. Mkewe, ambaye kanisa zima lilimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule ya Jumapili, alikaa kando ya kioo akikunja mataulo na kumsahihisha bila hata kuinua macho. Hata siku ya ndoa yao, bwana harusi alisimama mbele ya mchungaji akaapa kumpenda "kwa raha na kwa raha." Watu wakaangua kicheko. Bibi harusi akanong'ona ndani ya shela, na mpaka watu wa viti vya nyuma wakamsikia: "Na kwa shida."

Basi shida ikaja. Asubuhi moja Mwalimu alianguka jikoni, na alipotoka hospitali mkono wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yamegoma. Kuelewa, alielewa kila kitu. Kusema ndiko kulikomshinda. Daktari alisema wajaribu pole pole, na Nusu akajaribu. Aliinua kijiko: "Hiki nini, mke wangu?" Aliinua sabuni. Mwalimu alifungua mdomo, ukatoka upepo mtupu, kisha machozi. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kusimama na kusema mbele ya kanisa, leo anashindwa na kijiko! Iliuma, tusifichane.

Dada mkubwa wa Mwalimu, mwanamke mwenye moyo mzuri na sauti ya tarumbeta, akapiga simu.

"Shemeji, wewe una kazi, na mdogo wangu anahitaji mtu wa kumwogesha na kumlisha. Jumamosi nakuja kumchukua."

"Mwenyewe hajasema anataka kwenda."

"Si hasemi kabisa! Haya, akisema anabaki, nitamwacha. Lakini aseme kwa mdomo wake."

Nusu aliweka simu chini. Mkewe alikuwa amelala ameelekea ukutani, na chai aliyomletea ilikuwa imepoa bila kuguswa. Akapiga magoti kando ya kitanda, na sala iliyomtoka haikuwa ya kupangwa.

"Bwana, mimi nimechoka. Wanasema baada ya dhiki..." Mwisho wa methali ukampotea. Kisha hasira ikammalizia. "Baada ya dhiki ni dhiki, Bwana! Dhiki tupu!"

"Faraja."

Nusu akageuka. Chumbani hamkuwa na mtu wa tatu. Mwalimu bado alitazama ukuta, lakini nyusi zake zilikuwa zimekunjana vilevile kama zamani, kila alipochoshwa na ujinga wa mumewe.

Tangu hapo Nusu akawa na kazi moja: kukosea. Kwa kuwa kukosea alikujua, aliifanya kwa bidii zote. Akimvisha viatu, alikosea. Akimwinulia kikombe, alikosea. Alimrudisha kwenye kiti chake kando ya kioo, akatangaza mbele ya wateja, "Mvumilivu hujaza kibaba!"

"Hula... mbivu," Mwalimu akasema, amekasirika kwelikweli.

Seremala wa jirani, nusu ya ndevu zake zikiwa bado zina povu, naye akatia mkono. "Mgeni njoo, mwenyeji akimbie!"

"Apone!"

Hata sala za asubuhi Nusu alizipindua makusudi, na hakuogopa. Mungu aliyemsikiliza akikosea miaka yote hiyo hangeshindwa kumwelewa sasa. Mwalimu alimnyoosha mstari kwa mstari mpaka amina. Lakini neno lake mwenyewe halikuja. Akitaka maji, bado alionyesha kidole.

Jumamosi dada mkubwa aliingia kwenye duka la kinyozi na begi tupu. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mdogo wake.

"Twende kwangu, mdogo wangu?"

Nusu akawahi. "Mimi niliapa kukaa nawe kwa raha na kwa raha!"

"Na kwa shida," Mwalimu akajibu, na wateja wakapiga makofi.

Dada hakupiga. "Shemeji, usinichezee. Wewe umeanza, yeye amemalizia. Hata kasuku humalizia. Mimi nataka neno lake."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomchoma Nusu. Akazima mashine, akaiweka chini.

"Sawa. Muulize tena. Mimi nafumba mdomo, na kila aliye humu afumbe wake."

Dada akamshika mdogo wake goti. Safari hii tarumbeta ilikuwa imeshuka. "Mzigo huu ni mkubwa, mpenzi wangu. Mumeo atachoka. Kweli unataka kubaki?"

Mwalimu akafungua mdomo. Upepo. Akajaribu tena. Upepo. Nusu aliuona uso wake ukilowa jasho, na kosa moja tu lingemwokoa; tayari alikuwa nalo kwenye ulimi. Aliuma mdomo. Bwana, akaomba moyoni, mimi nimeanza, malizia wewe.

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ukainuka, ukakamata pindo la koti la mumewe.

"Kwa raha," akasema. Hakuna aliyemwanzishia. Akavuta pumzi kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisimani. "Na kwa... shida." Akamtazama dada yake machoni. "Hapa."

Hilo la mwisho halikuwa la methali wala la kiapo. Lilikuwa lake.

Dada mkubwa akalia bila kujificha. Kisha akalitupa begi kwenye benchi. "Basi nakaa mimi wiki hii, nikufundishe, shemeji. Kinyozi mzima, mkeo umemchana nywele hivi?"

Nusu alitaka kumshukuru Mungu, na kwa furaha akasahau kabisa kukosea.

"Mungu hamtupi mja wake," akasema.

Wote wakamkodolea macho. Mwalimu alikwisha kunja nyusi, mdomo wazi, tayari kumsahihisha. Alingoja, akatafuta kosa, hakuliona. Ndipo akacheka.