Kikombe cha Dirishani

Binti alifungua kwenye kompyuta programu tatu za kutunza kumbukumbu za wateja, mama yake achague moja kwa ajili ya biashara yao ya usafi.

"Hii inapanga zamu, mama. Hii inatuma ujumbe yenyewe."

Mama Sabuni, kama wateja walivyomwita, alifumba macho. Kila jina la mteja alilosoma binti lilimwingiza nyumbani mwa mtu. Kwa mzee wa ghorofa ya tatu pazia lilipumua taratibu, na dirishani kilikaa kikombe chenye alama ya rangi ya mdomo ya marehemu mkewe.

"Kikombe kile hakioshwi ng'o! Hilo utaliandika wapi?"

Programu ya kwanza haikuwa na nafasi. Ya pili ilikubali maneno matano. Ya tatu ilikuwa na kisanduku cha maelezo kipana kama kitanda.

"Hiyo hiyo. Hizo nyingine mbwembwe tupu."

Vitufe vikaanza kulia. Mama alipofumbua macho, mteja wa kwanza kuandikwa hakuwa yule mzee. Ilikuwa nyumba yao wenyewe, na kisandukuni binti alikuwa ameandika: "Miwani ya marehemu baba, juu ya redio. Alama za vidole vyake zisifutwe."