Kitambaa Chekundu cha Bwana Pruitt

Mtoto wa mtumwa akizaliwa kwenye mashamba ya pamba ya Bwana Pruitt, hapa Georgia, mama alipewa yadi mbili za kitambaa chekundu, nami mkunga nikapewa pande la nyama ya nguruwe. Kwa miaka kumi na tisa niliila nyama ile nikalamba na vidole. Watoto wakifika umri wa kubeba ndoo waliuzwa. Wanangu wanne walikuwa miongoni mwao.

Jumapili moja Bwana aliniita barazani.

"Shangazi Hager, yule kijakazi Mourning nimempa Cato mwaka wa pili huu. Mbona tumbo bapa? Kamwangalie. Kama kizazi kimekauka, namuuza Louisiana."

Nilimkuta Mourning kibandani kwake, anatafuna. Nikamwambia ateme. Akanitemea kiganjani ganda la mzizi wa pamba, lile linalozuia mimba.

"Haya, kanisemee kwa bwana wako, ukale nyama! Cato hakuniomba, wala mimi sikumtaka. Tulifungiwa mlango kama ng'ombe. Pruitt hapati hata ukucha kutoka tumboni mwangu tena."

"Shika adabu, mtoto."

"Adabu? Wangu wa kwanza ulimpokea wewe, Shangazi. Yuko wapi?"

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma, na safari hii haikuwa juu yake. Niliichukia mikono yangu hii iliyosifiwa shamba zima. Nilimchukia zaidi yule mzungu aliyekaa kwenye kiti cha kubembea, akingoja tumbo la mtu lijae.

Nilirudi barazani.

"Ile homa ya mwaka juzi ilimuunguza kizazi, Bwana. Hata umletee nani, hazai."

"Basi auzwe."

"Muuze. Ila nani mwingine hapa anachuma ratili mia mbili kwa siku? Wenye mimba hawafikishi nusu."

Alijikuna kidevu, akayatazama mashamba yake yaliyojaa pamba isiyochumwa.

"Abaki," alisema.

Kesho yake niliingia shambani na jembe. Nilichimba mizizi ya pamba, nikaificha kwenye mkoba wangu wa ukunga, chini ya mkasi na nyuzi, kisha nikawapelekea wanawake, nikianzia kibanda cha kwanza.

Nyama ile sijaionja tena. Jora la kitambaa chekundu lilikaa ghalani mpaka nondo wakalitoboatoboa. Bwana aliponituma nilikung'ute, nililikung'uta mbele ya uso wake, taratibu, hadi akakohoa.